Kinachopita

Kishubaka kimoja kilibaki wazi kwenye kasha langu,
upana wa vidole vinne,
na fedha ilikuwa ya moduli moja tu,
niliyoificha kwenye kopo la chai tangu kiangazi.
Kwa Hynek ni ngazi kumi na moja chini ya barabara;
tramu ya Brno ikipita juu,
skrubu huchezacheza ndani ya sahani.

Osileta nilikuwa nayo, na ikilia:
msumeno mchana kutwa, msumeno usiku,
hata Bi Libuše wa ghorofa ya juu akateremka na ndara
kuniuliza kama nafuga nyuki.

“Huna chujio,” akasema Hynek,
kama daktari anayekwambia huna damu.
Akatandika gazeti, akapanga matatu.

La kwanza ngazi: transista mbili mbili, jozi juu ya jozi,
na sauti kila ikishuka ikinenepa,
asali ya Januari inayogoma kutoka chupani.
Bei yake sikuiuliza mara mbili.

La pili lilikuwa na midomo mitatu:
huku upite mvumo, huku upite wembe,
huku kilichobaki katikati.
Lafanya yote, lina adabu,
kama mgeni anayesifu kila chakula,
nami nikashindwa kulipenda.

La tatu limetumika.
Kifundo kimoja kimeng'oka, kijiti cha chuma ki uchi,
na ukilizidishia mwitiko
linapiga mluzi lenyewe, halijaulizwa.

“Kila chujio ni hasara,” akasema Hynek,
“chagua unachokubali kukipoteza.”
Alishasema hivyo pia kuhusu wake zake.
Kisha akachora pembeni mwa gazeti, ili nielewe:
mstari umelala, umelala,
halafu unaporomoka.

Mstari ule niliujua.
Umo kwenye kadi ya kliniki, droo ya jikoni,
chini ya vizibo na kamba:
sikio la kushoto la Baba, sikio la kulia.
Miaka thelathini na minne kiwandani,
mtande na mshindio, mtande na mshindio,
pamba ya kufuma tele, ya masikioni hakuna.
Walitangulia nyenje.
Ikafuata simu, ikafuata birika,
kisha herufi moja moja, zile nyembamba,
zikidondoka kama punje kwenye chekecheke.
Mimi Zdislava, aliyenipa jina ni yeye,
na siku hizi limemfikia mkia tu:
lava.

Nikamwomba Hynek aniitie jina langu kwenye maikrofoni.
Akaita. Akaita tena, akiona haya kidogo.
Nikashika kile kijiti kisicho na kifundo,
baridi, kikiniuma ncha za vidole,
nikakirudisha nyuma taratibu:
Zdislava,
dislava,
(tramu ikapita, nikangoja)
islava,
lava.

Hapo.
Hapo ndipo anapokaa.
Nilisimama mlangoni pake muda mrefu,
Hynek akidhani nakagua kelele za saketi.

Nililipa. Akapunguza korona mia mbili kwa ajili ya kifundo.

Jioni Baba aliweka kiganja juu ya spika
kama anayepima homa ya mtoto,
akatikisa kichwa: yupo, yupo.
Kisha akaenda kabatini, akachakura,
akarudi na kizibo cha kibiringo cha uzi, cha mbao,
kimeng'aa kwa mikono ya watu waliokwisha staafu.
Kikaingia kwenye kijiti bila gundi.

Sasa ni yeye anayezungusha.
Anapandisha, anapandisha,
na kuanzia mahali fulani kwake hakibadiliki kitu;
basi anaendelea polepole
akinitazama usoni,
ajue nyuki wametoka lini.